Umbo Kabla ya Neno: Kikale cha Karagwe, Usasa wa Ulaya na Jukwaa la Afrika Mashariki

Tamthilia ya umbo ni ile ambayo chuma, mbao, rangi, maleba, mwanga na mpangilio wa miili hubeba maana pamoja na maneno, na mara nyingi huyatangulia. Vitabu vya historia ya sanaa huanzia Ulaya, mwanzoni mwa karne ya 20, pale wachoraji na wachongaji wa usasa walipoingia katika majumba ya maonyesho na kuanza kumvika mchezaji duara, pembetatu na silinda. Kwa Ulaya, mwanzo huo ni wa kweli. Kwa Afrika Mashariki historia inaanzia nyuma zaidi, na mojawapo ya sehemu zake zilizoandikwa mapema iko Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania.

Nchi ya Karagwe

Karagwe imekumbatiwa na Mto Kagera, unaoitenga na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na Kituntu ni mojawapo ya kata zilizobaki katika Wilaya ya Karagwe. Mipaka hii ya kiutawala ni mipya. Kabla ya ukoloni eneo hilo lilikuwa chini ya dola moja ya Wanyambo, iliyotawaliwa na Wahinda, ukoo uliojinasibisha na babu wa kale Ruhinda. Mwanahistoria Israel Katoke, katika kitabu chake kuhusu dola hiyo kilichotoka mwaka 1975, anaanzia mnamo mwaka 1400 na kuishia 1915.

Nguvu ya Karagwe ilitokana na ng'ombe wenye pembe ndefu, migomba, uhunzi na njia za biashara. Katikati ya karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani kupitia kituo cha biashara cha Unyanyembe ilipita hapo ikielekea Buganda, na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na makazi yao Kafuro, karibu na kikale, yaani makao ya kitawala, ya Omukama, mtawala wa Karagwe, yaliyokuwa Bweranyange. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika Karagwe zamani, pamoja na waya wa shaba, shanga na nguo. Baadhi ya bidhaa hizo ziliishia mikononi mwa watu waliojua kuzigeuza kuwa vyombo vya heshima.

Vyombo vya chuma na shaba

Omukama aliyetawala wakati wageni wa kwanza wa Ulaya walipofika alikuwa Rumanyika, mwana wa Ndagara. Mapokeo ya Karagwe humtaja Ndagara kuwa mtawala aliyeupenda uhunzi. Katika nchi za Maziwa Makuu, nyundo na fuawe vilikuwa miongoni mwa alama za utawala, kwa kuwa anayefua chuma hugeuza udongo kuwa jembe na mkuki, na mtawala naye alitarajiwa kuigeuza nchi iwe na rutuba na ushindi.

Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Rumanyika Novemba 1861, akiwa na mwenzake James Grant. Katika nyumba ya Omukama aliona vyombo vya shaba vyenye matawi kama nanga na sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Speke aliandika kwamba ng'ombe hao walitengenezwa na Waarabu wa Kafuro kwa ajili ya kumfurahisha mtawala. Maelezo hayo yanapaswa kupimwa kwa uangalifu. Wasafiri wengi wa wakati huo walipokutana na kazi nzuri ya mikono barani Afrika walitafuta fundi kutoka nje, ilhali Karagwe ilikuwa nchi ya wahunzi, na ng'ombe mwenye pembe ndefu alikuwa kiini cha maisha ya kikale chenyewe.

Henry Morton Stanley alifika mwaka 1876 na kuonyeshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika, jengo la mviringo lililoezekwa kwa nyasi. Ndani yake alihesabu sanamu 16 za bata za shaba ya manjano zenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu 10 za wanyama aliowadhania kuwa pofu, na sanamu 10 za ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Palikuwa pia na mikuki na mundu za chuma ambazo ufundi wake ulimvutia sana. Mchoro wa vitu hivyo ulichapishwa mwaka 1878 katika kitabu chake cha safari.

Mafundi hao hawakujaribu kumwiga ng'ombe kama anavyoonekana malishoni. Walichukua kile kinachomfanya ng'ombe wa Karagwe awe yeye, yaani mstari wa pembe, uzito wa kiwiliwili na msimamo wa miguu, wakaacha mengine yote. Ng'ombe asiye na kichwa aliyesimama katika hazina ya Omukama bado ni ng'ombe, na kila aliyeingia humo alimtambua. Kupunguza umbo hadi libaki lile la lazima ndilo jambo ambalo wachongaji wa Ulaya walilitangaza nusu karne baadaye kuwa ugunduzi wa kizazi chao.

Mwandamo wa mwezi katika kikale

Vyombo hivyo viliambatana na matukio yaliyopangwa. Speke alihudhuria baraza la mwandamo wa mwezi, lililofanyika kila mwezi ili Omukama aone ni nani miongoni mwa watu wake bado ni mtiifu. Maelezo yake yanatosha kuonyesha jinsi tukio hilo lilivyojengwa.

Mgeni alipita ua baada ya ua, na kila ua ulikuwa na watu wake na vitu vyake. Katika ua mmoja zilipangwa ngoma 35 kwa safu, kila moja ikiwa na mpigaji wake nyuma yake, na kando yao walisimama vijana wa ukoo wa kitawala. Omukama mwenyewe alikuwa ndani zaidi, ameketi katika nyumba yake. Kichwani alivaa taji la shanga lenye shungi la manyoya mekundu juu ya paji la uso, na kidevuni alifungiwa ndevu kubwa nyeupe zilizoshikiliwa na ukanda wa shanga. Kwa vazi hilo uso wa mtu binafsi ulipungua, na sura ya cheo ikachukua nafasi yake. Ngoma zilipolia kwa pamoja, mtazamaji alikuwa tayari ameandaliwa na nyua alizopita, na ukimya wa nyumba ya ndani ulikuwa na uzito kwa sababu ya kishindo cha nje.

Masimulizi ya kurithi kiti yana ubunifu uleule. Ndagara alipofariki, wanawe watatu, Rumanyika, Nyanaji na Rogero, waligombea utawala. Kwa mujibu wa masimulizi aliyopewa Speke, wakuu wa nchi waliweka mbele yao ngoma ndogo sana, nyepesi kwa macho, lakini iliyotiwa dawa hata asiweze kuinyanyua yeyote isipokuwa yule aliyekubaliwa na mizimu. Rumanyika aliinyanyua kwa urahisi. Masimulizi mengine yalieleza kwamba mrithi huketishwa mahali maalumu, ardhi ikampandisha juu kuelekea mbinguni, na kama amekubalika humshusha taratibu bila madhara. Katika simulizi zote mbili hukumu haitolewi kwa hotuba. Hutolewa na kitu, mahali na mwendo, mbele ya watu wanaotazama.

Haifai kuyaita matukio hayo tamthilia kwa maana ya jioni yenye tiketi na viti. Yalikuwa utawala wenyewe, na aliyekosea nafasi yake angeweza kupoteza zaidi ya makofi. Hata hivyo, yanahesabika katika historia ya jukwaa kwa sababu yalitumia nyenzo zilezile ambazo jukwaa hutumia: maleba, vifaa, nafasi, sauti na mpangilio wa watazamaji. Sanaa ya neno nayo ilikuwepo. Katika nchi za Wahaya na Wanyambo mpiga enanga alisimulia tendi za mashujaa kwa saa nyingi akijisindikiza kwa nyuzi za ala yake, na mtaalamu M. M. Mulokozi ameifanyia sanaa hiyo ya Wahaya utafiti wa kina. Lakini katika kikale neno lilikuwa moja kati ya nguzo kadhaa, na halikubeba jengo zima peke yake.

Makumbusho ya Ulaya na kuzaliwa kwa jukwaa la usasa

Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na Karagwe ikaingizwa katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Miaka hiyohiyo majumba ya makumbusho ya Ulaya yalijaa vitu kutoka makoloni. La Trocadéro mjini Paris lilianzishwa mwaka 1878, na makumbusho ya tamaduni ya Berlin yalifunguliwa mwaka 1886. Vitu vilivyokuwa vikicheza, kulia, kufukiza moshi na kubebwa begani viliwekwa kimya ndani ya kabati za vioo.

Wachoraji vijana wa Ulaya walivikuta humo. Pablo Picasso alizuru Trocadéro mwaka 1907, mwaka aliochora picha yake iliyofungua njia ya kyubizimu, mtindo wa kuvunja vitu kuwa maumbo ya kijiometria. Ernst Ludwig Kirchner alivitazama Dresden, na Emil Nolde alichora vitu vya makumbusho Berlin. Mwaka 1915 Carl Einstein alichapisha Leipzig kitabu cha picha za uchongaji wa Kiafrika, kilichodai kwamba wachongaji hao walikuwa wametatua tatizo la ujazo na nafasi ambalo wenzao wa Ulaya walikuwa bado wakihangaika nalo. Sanamu nyingi zilizowavutia wasanii hao zilitoka Afrika ya Magharibi na Kongo. Hakuna haja ya kudai kwamba ng'ombe wa Bweranyange walimfundisha Picasso. Kilicho muhimu ni kwamba njia ya kufikiri ambayo Ulaya iliistaajabia makumbushoni ilikuwa hai pia kwenye vilima vya Karagwe, na huko haikutenganishwa na mwendo wala ngoma.

Kutoka kwenye karatasi na turubai umbo hilo jipya lilihamia jukwaani kwa kasi. Desemba 1913, mjini St Petersburg, Kazimir Malevich alibuni maleba na mandhari ya opera ya Ushindi Dhidi ya Jua. Wachezaji wakawa vipande vya rangi vilivyotokea na kupotea kadiri miale ya taa ilivyowapiga. Mwaka 1916, katika Cabaret Voltaire ya Zürich, Marcel Janco alitengeneza barakoa za karatasi ngumu, na Hugo Ball alisoma mashairi ya sauti tupu akiwa amevikwa mirija ya karatasi hata ikabidi abebwe kufika jukwaani. Wenzake waliimba nyimbo za kubuni walizoziita za Kiafrika, bila kujua lugha yoyote ya Afrika.

Mei 1917, mjini Paris, Picasso aliwavika wachezaji wa baleti ya Parade, yenye muziki wa Erik Satie, majengo ya kyubizimu yaliyozidi kimo cha mtu. Mwaka 1918 Sophie Taeuber alichonga Zürich vikaragosi vya tamthilia ya Mfalme Kulungu kwa silinda na koni zilizounganishwa waziwazi, ili mtazamaji aone jinsi kiungo kinavyofanya kazi. Mwaka 1922, mjini Moscow, Lyubov Popova alimjengea mwongozaji Vsevolod Meyerhold jukwaa la ngazi, magurudumu na fito zisizofichwa, ambalo magurudumu yake yalizunguka kufuatana na hisia za mchezo.

Septemba 30, 1922, mjini Stuttgart, Oskar Schlemmer alionyesha Baleti ya Utatu. Ilikuwa na wachezaji 3, sehemu 3, dansi 12 na maleba 18. Sehemu ya kwanza ilikuwa na mandhari ya manjano, ya pili ya waridi, ya tatu nyeusi. Maleba yalikuwa mazito na magumu kwa makusudi: sketi ya duara la waya, mikono ya rungu, kichwa cha tufe. Mchezaji hakuweza kuusogeza mwili kama alivyozoea, na mwendo wake ulizaliwa na umbo alilovaa. Mwaka uliofuata Schlemmer alishika karakana ya jukwaa ya Bauhaus, shule ya usanifu iliyoanzishwa Weimar mwaka 1919, na akaiongoza hadi 1929. Humo mwanafunzi alielekezwa kwenye maswali ya msingi: nafasi ina ukubwa gani, mstari unaelekea wapi, rangi ina uzito gani, na mwili unasimama wapi katikati ya hivyo. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1933 kutokana na shinikizo la utawala wa Wanazi.

Kazi iliyoigusa Afrika moja kwa moja ilikuwa Kuumbwa kwa Ulimwengu, baleti iliyoonyeshwa na kundi la Ballets Suédois mjini Paris tarehe 25 Oktoba 1923. Hadithi iliandikwa na Blaise Cendrars, aliyekuwa ametoa mkusanyo wa masimulizi ya Kiafrika mwaka 1921. Muziki ulitungwa na Darius Milhaud, miondoko ikapangwa na Jean Börlin, na mchoraji Fernand Léger akabuni mandhari na maleba akitumia picha za vitabu kama kile cha Carl Einstein. Miungu mikubwa ya mbao ilisogea jukwaani, wanyama na miti vikachipuka, kisha watu wawili wa kwanza wakatokea. Afrika ilijaza jukwaa lote, ila hapakuwa na Mwafrika mmoja aliyeulizwa chochote.

Kurudi kwa usasa: Kampala na Dar es Salaam

Usasa huo ulirudi Afrika Mashariki kwa njia ya majengo, vyuo na vitabu, ukiwa umekwisha kupewa cheti cha uraia wa Ulaya. Ernst May, msanifu wa Kijerumani aliyeongoza ujenzi wa makazi mapya ya Frankfurt kati ya 1925 na 1930, alihamia Tanganyika mwaka 1934 na kuishi katika ukanda huu kwa karibu miaka 20. Alibuni jengo la ushirika wa wakulima wa kahawa KNCU mjini Moshi, na Makumbusho ya Uganda yaliyofunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1959 Kampala ilipata Jumba la Maonyesho la Taifa, lenye uso wa zege lililotobolewa kwa mpangilio wa kijiometria. Majumba kama hilo yalileta jukwaa la boksi, lenye pazia upande mmoja na watazamaji wote wakiangalia mbele, tofauti kabisa na nyua za kikale ambamo mtazamaji alitembea.

Upande wa uchoraji, Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937 akiwahimiza wanafunzi wachote kutoka maisha yao wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Cecil Todd alichukua nafasi yake na kuimarisha masomo ya usasa wa Ulaya. Miongoni mwa waliopita hapo ni Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro, aliyeendelea na masomo London na ambaye mchoro wake mmoja ulinunuliwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York mwaka 1960. Mwingine ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, aliyefungua kituo cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965.

Jukwaani jina linaloongoza kwa Kiswahili ni Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako idara ya sanaa za maonyesho ilianzishwa mwaka 1967, kisha akaenda Berlin ya Mashariki na kuandika tasnifu ya udaktari kuhusu maendeleo ya tamthilia ya Afrika Mashariki. Berlin ilikuwa mji wa Bertolt Brecht na kundi lake la Berliner Ensemble, lililoanzishwa mwaka 1949. Brecht hutajwa sana kama mwandishi, lakini jukwaa lake liliumbwa pia na mchoraji Caspar Neher, rafiki yake tangu utotoni Augsburg. Pazia fupi linaloacha nusu ya jukwaa wazi, taa zisizofichwa, maandishi yanayotangaza tukio kabla halijatokea, na vifaa vichache vilivyochaguliwa kimoja kimoja vilikuwa uamuzi wa macho kabla ya kuwa nadharia.

Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, inajenga Vita vya Maji Maji kwa kundi la watu na imani ya maji. Mashetani, ya mwaka 1971, inaanza na mchezo ndani ya mchezo ambamo Juma na Kitaru wanakuwa Shetani na Binadamu, na mbuyu ni sehemu ya maana yake. Katika miaka hiyo wachongaji wa Kimakonde waliohamia Dar es Salaam walikuwa wakikuza mtindo wa shetani, unaohusishwa kwanza na Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka ya 1950: viumbe wenye jicho moja, mwili uliotobolewa na kiungo kimoja kilichogeuka kuwa kingine. Vinyago hivyo na tamthilia hiyo vinaonyesha kizazi kimoja kikitafuta umbo la hofu na tamaa za wakati wake.

Nchini Uganda Robert Serumaga alikwenda mbali zaidi na maneno. Renga Moi ya mwaka 1972 ilisimama juu ya ngoma, mwili na mpangilio wa watu jukwaani. Amayirikiti ya mwaka 1974, iliyotungwa chini ya utawala wa Idi Amin, iliachana na mazungumzo karibu yote. Katika nchi ambamo sentensi moja ingeweza kumgharimu mtu maisha, umbo lilisema yale ambayo kinywa hakikuweza.

Tanzania Bara jukwaa la shule na vijiji lilielekea upande mwingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera za Mathias Mnyampala zilienea, na miaka ya 1980 tamthilia kwa maendeleo, iliyokuzwa na wasomi kama Penina Mlama na Amandina Lihamba, ilifikisha mijadala vijijini, kama ilivyofanyika Malya mkoani Mwanza. Kazi hiyo ilikuwa na faida kubwa, kwani iliwapa wanavijiji nafasi ya kuchambua matatizo yao wenyewe. Hata hivyo, katika shule nyingi iliyobaki ni ngonjera na igizo la ujumbe, ambapo wanafunzi husimama mstari mmoja, wakiwa na sare zao, wakitamka mafunzo. Maleba, vifaa na nafasi vilihesabiwa kuwa mapambo, au gharama.

Kisangani: kulijibu jukwaa la 1923

Jibu la wazi kabisa kwa usasa wa Ulaya limetoka mashariki mwa Kongo. Faustin Linyekula, aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974, alianza kazi yake Nairobi, ambako mwaka 1997 alishiriki kuanzisha kundi la dansi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Mwaka 2001 alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, kisha akaihamishia Kisangani.

Mwaka 2012, akiwa na wachezaji wa Ballet de Lorraine wa mji wa Nancy, Ufaransa, aliirudia Kuumbwa kwa Ulimwengu. Maleba na mandhari ya Léger yalikuwa yamefufuliwa na watafiti Millicent Hodson na Kenneth Archer kutokana na michoro na kumbukumbu zilizobaki. Linyekula hakuishia kuyaonyesha kama mabaki mazuri. Aliweka baleti ya 1923 ndani ya kazi mpya, na kwenye jukwaa hilo la Wazungu akamweka mchezaji Mkongo, ili swali lililokosekana mwaka 1923 lisikike: ni ulimwengu wa nani ulioumbwa, na kwa mikono ya nani? Kwa njia hiyo mtazamaji aliuona mwili ambao muda wote ulikuwa umefichwa na sanaa iliyodai kuuenzi.

Mwaka 2017 alichukua hatua ya pili. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York aliwasilisha Banataba, kazi iliyozaliwa na sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake, iliyokuwa imehifadhiwa katika ghala la jumba hilo. Sanamu iliyotenganishwa na mwendo wake ilipewa tena mwili, sauti na safari ya kurudi kijijini. Kwa kazi hizo mbili Linyekula amefundisha mbinu inayoweza kufuatwa: kuichunguza kazi ya Ulaya kwa heshima na kwa maswali, kukitafuta kitu chenyewe kilikotoka, kisha kuviweka vyote viwili kwenye jukwaa moja.

Karagwe katika historia hii

Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika miaka ya mwanzo ya uhuru, na mabaraza ya mwandamo wa mwezi hayapo tena. Jina la Rumanyika limebaki katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019 pamoja na ile ya Ibanda-Kyerwa. Vyombo vya Bweranyange vinajulikana kwa wanaakiolojia na wanahistoria, lakini ni nadra kutajwa katika mafunzo ya jukwaa. Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho Dar es Salaam au Bagamoyo anaweza kumaliza masomo akimjua Schlemmer na Brecht, asijue kwamba Omukama wa Karagwe alipanga ngoma 35 kwa safu na kujifungia ndevu za heshima ili cheo kionekane kabla hakijatamkwa.

Kujua upande mmoja hakuhitaji kuusahau mwingine. Usasa wa Ulaya una somo kubwa kwa mtunzi wa maonyesho wa Kagera. Unamfundisha kuchambua umbo kwa makusudi, kulipima, kulichora na kulijaribu kwenye mwili wa mchezaji kabla ya kuandika mazungumzo. Karagwe nayo ina somo ambalo Stuttgart na Paris hazikuwa nalo: umbo lina nguvu linapobeba jambo ambalo jamii nzima inalijua na inalijali. Ng'ombe wa chuma hakuhitaji maelezo ya pembeni, kwa sababu kila aliyemtazama alikuwa ameamka alfajiri kuwatoa ng'ombe zizini.

Vifaa vya kazi hiyo havipungui katika kata kama Kituntu. Nyundo za wahunzi, magome na majani ya migomba, matete, udongo wa rangi, mabati chakavu na ngoma vinatosha kwa karakana ya shule isiyo na bajeti ya pazia. Mwalimu anayetaka kuanza anaweza kufuata utaratibu ambao kikale na Bauhaus vilikubaliana nao bila kujuana: achague kitu kimoja ambacho kijiji kinakitambua, wanafunzi wakipunguze hadi libaki umbo la lazima, walivae au walibebe, waone linavyobadilisha mwendo wao, ndipo watafute maneno. Karagwe ilikuwa na jukwaa la umbo kabla Ulaya haijalipa jina, na vijana wake wana haki ya kulijenga upya wakiwa warithi halali wa sanaa hiyo.